Mjomba Mwenye Mashuka Mia Tatu na Arobaini

Mama yangu mkubwa hajawahi kulipokea jibu la kwanza. Daktari akimwambia anywe maji mengi, yeye anauliza kwani hayo mengi yanaanzia glasi ya ngapi. Muuza viatu akimwambia vitapanuka akivivaa, anauliza kwani vikishaanza kupanuka vitajuaje pa kuishia. Kazini walimpa jina la Bi Kwani kabla mimi sijajua kusoma. Hakuchukia. Aliuliza tu, "Kwani zamani mlikuwa mnaniitaje?"

Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Mama yangu alikuwa na kazi ya kusafiri, kwa hiyo nililelewa nyumba mbili, na katika nyumba ya mama mkubwa niliitwa Kidole. Sababu ni kwamba hakikuwepo kitu ambacho sikukidokoa: redio, saa ya ukutani, keki iliyowekwa kwa ajili ya wageni. Nilipokwenda kusomea kompyuta, jina hilo nililiacha nyumbani na nikadhani limekufa.

Bi Kwani anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia. Hawafui suruali za watu pale. Wanafua mashuka ya hospitali na hoteli, taulo, foronya na vitambaa vya meza, kwa magunia. Yeye yuko kwenye meza ya kuchambulia. Gunia linamwagwa mbele yake, naye anatenga kwa mikono miwili bila kutazama sana: la damu huku, la mafuta kule, lililochanika kwenye kapu la chini. Amesimama kwenye meza hiyo miaka ishirini na miwili, na sakafu mahali anaposimama imeng'aa.

Nilifika pale maji yakiwa yamekifika kiwanda shingoni. Kila asubuhi simu ililia: hoteli imepungukiwa mashuka, au wagonjwa wamelazwa kwenye mashuka ya maua ya hoteli. Mwenye kiwanda, ambaye wote tunamwita Madamu, alinipa chumba nyuma ya tangi la mvuke, akaniambia nitengeneze programu ya kujua kila shuka liko wapi. Tukashona kitambulisho kidogo kwenye pembe ya kila shuka, skana ikawa inakisoma kila hatua, kuanzia kupokelewa hadi kufungwa. Wafanyakazi wakaiita programu hiyo Kamba, kwa kuwa shuka lililo kambani halijapotea.

Watu husema Kamba niliitengeneza mimi. Nikiwa na hasira na nafsi yangu husema kweli: niliiandika, lakini aliyeitengeneza ni Bi Kwani. Kamba yangu ya kwanza ilipiga kelele kila shuka lisiporudi kesho yake. "Kwani shuka la damu hufuliwa mara moja?" akaniuliza. Sikujua. Nikaiambia Kamba ivumilie siku mbili. Ya pili ikawa inatafuta mashuka yaliyokwisha kukatwa kuwa matambara ya kupigia deki, inayatafuta mwezi mzima bila haya. "Kwani shuka halistaafu?" Nikaweka kitufe cha kustaafu. Kisha akauliza kwani hoteli ikisema shuka limepotea, Kamba haiwezi kusema lilionekana mara ya mwisho mikononi mwa nani? Siku tulipoweka hilo, nusu ya mashuka yaliyopotea yalionekana kuwa yamelala makabatini mwa hoteli zenyewe, na simu za asubuhi zikapungua. Nilihamisha kiti changu kutoka nyuma ya tangi nikakileta kando ya meza yake. Yeye anachambua, anauliza. Mimi nachapa.

Miaka miwili baadaye viwanda vingine vitatu vya kufulia vya mji huohuo vikaomba kuitumia Kamba kwa malipo ya kila mwezi. Walipokuwa wameitumia miezi saba hivi, swali likazaliwa: je, Kamba ibaki chini ya kiwanda, au itoke iwe kampuni yake yenyewe?

Mimi nilikuwa na jibu hata kabla swali halijaisha. Nilitaka itoke, na mimi nitoke nayo. Nikiomba kompyuta mpya naambiwa sabuni kwanza. Mashine ya kukausha ikikwama naitwa mimi, eti kwa kuwa mimi ni mtu wa mitambo. Mhasibu wa kiwanda alikuwa upande wangu, ingawa kwa maneno matamu mno. "Mtoto akikua hutoka nyumbani," akasema kikaoni.

"Kwani Kamba imewahi kuugua surua?" akauliza Bi Kwani, aliyekuwa ameitwa kuwakilisha wafanyakazi. "Ni programu. Uliza inafanya kazi vizuri ikiwa wapi, basi."

Madamu alicheka, kisha akaacha kucheka akawaza. Akatoa uamuzi wake palepale. Kamba itoke kwa mwezi mmoja wa majaribio. Mimi nikapange chumba huko nje, niishi kama kampuni. Mwezi ukiisha, Bi Kwani aje aseme itoke kabisa au irudi, na atakalosema ndilo litakalofuatwa.

"Kwa nini yeye?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kwa sababu wewe unataka kuondoka, mhasibu anataka kuuza, na mimi naogopa," akasema Madamu. "Yeye hana anachokitaka."

Hapo Madamu alikosea, ila mimi mwenyewe sikuwa najua.

Nilipanga chumba ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Kilikuwa na meza mbili, feni, na dirisha linalotazama paa za mabati. Kimya chake kilinilewesha. Hakuna mvuke, hakuna mtu wa kuniita nikachomoe soksi kwenye bomba. Katika wiki mbili nilifanya kazi ambayo kiwandani ingenichukua miezi miwili, na nilijipongeza kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Wiki ya tatu Bi Kwani akapanda ngazi zote tatu, akahema, akakalia kiti cha pili. Nikamwonyesha kazi yangu. Nilikuwa nimeweka duara la rangi tano.

"Kwani hili duara ni la nini?"

"Linaonyesha asilimia, mama mkubwa. Mashuka mangapi yako kwenye kufuliwa, mangapi kwenye pasi."

"Nani aliuliza?"

Nikampeleka haraka kwenye kazi niliyojivunia zaidi. Katika viwanda vile vitatu, nilimweleza, nimegundua kwamba wana wateja wengi wa majumbani. Basi nimewawekea huduma za familia: salamu za siku ya kuzaliwa, kukumbushwa kufua mapazia, na punguzo kwa watu wa ukoo mmoja.

"Umejuaje ni wa majumbani?"

"Tazama majina yao." Nikafungua orodha. Mjomba. Shangazi wa Pili. Bibi Harusi. Mwalimu Mkali. Jirani wa Juu.

Aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Kidole chake kikashuka polepole, kikasimama.

"Huyu Mjomba," akasema, "ana mashuka mia tatu na arobaini."

"Ndiyo."

"Kwa wiki."

"Ndiyo."

"Kwani huyu Mjomba analala wapi?"

Niliitazama ile namba. Nilikuwa nimeitazama miezi minane. Nilikuwa nimemtumia Mjomba salamu za siku ya kuzaliwa! Nikasema labda ana familia kubwa, na hapo hapo nikajisikia mjinga kuliko kabla sijasema. Bi Kwani hakunicheka, jambo lililozidi kuniumiza. Macho yalikuwa yamemng'aa kama ya mtu aliyeona mlango mahali alipodhani ni ukuta. Alikuwa na siku sita za likizo ambazo hajazitumia. Akasema atakwenda kumtafuta Mjomba.

Kiwanda kilichomfulia Mjomba kilikuwa upande wa pili wa mji. Bi Kwani alikwenda akajitambulisha kuwa ni mtu wa Kamba, amekuja kuona inavyotumika. Hakuuliza chochote siku ya kwanza, na najua ilimgharimu. Alivaa aproni, akaomba nafasi kwenye meza yao ya kuchambulia, akachambua. Mkono unaojua kazi hautambulishwi. Kufikia siku ya pili, mwanamke anayepima magunia, wanayemwita Dada wa Mizani, alikuwa ameshamletea kiti wakati wa mapumziko.

Ndipo akaliona daftari. Kila gunia likiingia, Dada wa Mizani aliandika "Mjomba" kwenye Kamba, kisha akafungua mkoba wake, akatoa daftari lenye jalada la plastiki, akachungulia, akalirudisha na kuufunga mkoba kwa zipu.

"Dada," akasema mama mkubwa, "kwani humo kuna nini?"

"Humo ndimo mna Mjomba ni nani."

"Ni nani?"

Dada wa Mizani akacheka mpaka akashika ubavu. "Wewe mama wewe! Nikwambie ili iweje? Kwani Kamba si ya kiwanda chenu, washindani wetu? Leo naandika jina la hoteli, kesho bosi wenu yuko mlangoni kwake na bei ya chini. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo ndiyo kazi yetu."

"Na daftari likipotea?"

"Lisipotee."

"Na wewe ukiugua?"

Hapo Dada wa Mizani hakucheka. Aliugua mwezi uliopita, akasema, siku nne. Mfanyakazi mgeni akafuata Kamba peke yake, akapeleka mashuka ya Mjomba kwa Shangazi wa Pili. Yaani ya hoteli yakaenda zahanati, na kuyakusanya ilichukua wiki. Bosi wake alikuwa ameshasema mwisho wa mwezi wataachana na Kamba. Kazi ileile kuifanya mara mbili, mara kwenye kompyuta na mara kwenye mkoba, ya nini?

Likizo ilipokuwa ikielekea ukingoni, mama mkubwa alikwenda na kwa wale wawili wengine. Huko nako daftari lilikuwepo, na huko nako walikuwa wakisema wataiacha Kamba. Moja lilifichwa kwenye droo ya chai, lingine kichwani mwa msimamizi ambaye hakuamini hata karatasi. Hawakuwa wameambiana. Watu watatu wasiosemezana walikuwa wamebuni ujanja mmoja, kila mmoja akijiona mwerevu peke yake.

Jumapili alasiri nilimkuta nyumbani kwake akianua nguo. Akanipa pembe mbili za shuka, akashika mbili, tukawa tunakunja huku akinisimulia. Nilipomsikia hadi mwisho niliruka.

"Basi jibu tunalo! Hawatuamini kwa sababu ni ya kiwanda. Ikitoka, wataandika majina ya kweli."

"Vuta vizuri, unalegeza," akasema. Tukakutana katikati, akazichukua pembe zangu. "Na lile duara?"

"Duara gani?"

"La rangi tano. Ukiwa mezani kwangu hukuwahi kuchora duara. Wiki tatu peke yako huko juu, umechora duara na umempa Mjomba heri ya kuzaliwa. Hilo nalo nimeliona. Siwezi kumwambia Madamu nusu."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba anatafuta sababu ya kunirudisha nyuma ya tangi. Niliyasema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, nikashika pembe za shuka lililofuata nikitazama kando.

Alilikunja shuka lile hadi mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Ni kweli nataka urudi," akasema. "Madamu anadhani sina ninachokitaka. Miaka ishirini nilisimama pale, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini shuka hili nalitupa huku na lile kule. Waliniona mikono tu. Ukaja wewe na kiti chako ukaniuliza, ukaandika, na kesho yake nikaona nilichosema kipo ndani ya kompyuta, watu wanakifuata. Unajua nilikwenda chooni nikalia? Sasa ukiondoka, atakayeniuliza ni nani?"

Tulikunja foronya zilizobaki, akanifungashia chakula, nikaondoka.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa ofisini kwa Madamu: yeye, mhasibu, Bi Kwani na mimi. Mama mkubwa alikuwa amevaa gauni la kutokea. Kabla ya kujibu, kama kawaida yake, aliuliza.

"Madamu, samahani. Kwani hujawahi kuchungulia wateja wa wenzako humo ndani ya Kamba?"

Mhasibu alikohoa. Madamu aligeuza kalamu mara mbili mezani.

"Sijawahi," akasema. "Nimetamani."

"Asante. Basi wana haki ya kuogopa." Akaeleza yote, Mjomba na daftari na siku nne za ugonjwa, na mwisho wa mwezi ambao ulikuwa umebakiza siku tano. Akaeleza na duara. Nilitazama viatu vyangu wakati wa duara. "Ikibaki hapa itakufa, maana watatu wataondoka na sisi peke yetu hatutoshi kuilisha. Ikitoka na kujifungia ghorofani itakufa vilevile, ila polepole na kwa rangi nzuri. Mimi nasema itoke. Lakini huyu mwenye kuiandika, kila wiki siku moja, asimame kwenye meza ya kuchambulia. Avae aproni. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Asiposimama, isihesabiwe kuwa imetoka, ihesabiwe imepotea."

"Na wewe, Bi Kwani?" akauliza Madamu. "Utakwenda nayo?"

"Kwani meza yangu mtampa nani?" Akasimama. "Mashuka ya asubuhi yamefika. Nimeyaona nikipita."

Madamu aliyafuata maneno hayo kama alivyoahidi. Karatasi zikaandikwa, kiwanda kikabaki na hisa chache na kikawa mteja kama wateja wengine. Nilikwenda mwenyewe kwenye vile viwanda vitatu kuwaeleza, na wakakubali kungoja mwezi mmoja zaidi. Nililifuta duara. Salamu za Mjomba nazo nilizifuta, ingawa, nikiri, kwa huzuni kidogo.

Jumatatu ya kwanza ya kampuni yetu nilifika ghorofa ya tatu mapema, nikafungua Kamba nione hali. Sikutegemea viwanda vile vibadilike siku moja, na kweli Mjomba alikuwa bado ni Mjomba. Nikapita kwenye orodha ya kiwanda chetu, ile niliyoijua kwa moyo. Nikasita. Mteja mkubwa kuliko wote, hoteli yenye mashuka elfu moja na mia mbili, hakuwepo. Mashuka yake yalikuwepo yote. Juu yake, mahali pa jina, palikuwa pameandikwa: Kidole.

Nilipiga simu. Nyuma yake nilisikia mashine na magunia yakimwagwa.

"Mama mkubwa, jina la hoteli limekwenda wapi?"

"Hoteli gani?"

"Mama mkubwa, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Si Alhamisi ya wiki hii utasimama kwenye meza ya Dada wa Mizani? Atakuchekesha, utacheka, mdomo utateleza. Nilimwambia Madamu Kamba haiwezi kuwa ya watu wote mpaka isiwe yetu. Kwani nilikuwa natania?"

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona macho yananichoma. Miaka yote niliyotaka kutoka, sikuwahi kujiuliza itakuwaje kufungiwa mlango na mtu aliyenifungulia. Nikamwambia sawa, amefanya vizuri, na kwamba tutajitahidi mpaka watuamini, yeye akiwa wa mwisho akitaka.

Nilisikia skana ikilia kila shuka lilipopita.

"Zamu yetu ni lini?" akauliza.

"Alhamisi ya wiki ya nne. Saa mbili asubuhi."

"Mbali hivyo?" Akamwagiwa gunia jingine, nikamsikia akilivuta. "Haya. Njoo na maswali."